Pikipiki Iliyowaita Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa ng'ombe. Nilionyeshwa pikipiki. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya uhimilishaji, yaani kazi ya kumpa ng'ombe mimba bila dume kuwapo, nikafika ofisi ya mifugo upande wa Kabete nimevaa koti jeupe ambalo mke wangu Achieng alikuwa amelipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Afisa Mifugo, Mwingereza aliyebaki baada ya uhuru, alilitazama lile koti, akatabasamu, kisha akanielekeza nyuma ya jengo. Huko ndiko kulikuwa na karakana ya Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga mrefu, kilemba chake cha rangi ya majivu, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Hakuniuliza jina. Alinionyesha pikipiki ya Kiingereza iliyoegemea ukuta, nzito, nyeusi, silinda yake moja imesimama wima, akaniambia niiwashe. Nilipanda, nikapiga kiki kwa nguvu zangu zote za ujana. Kiki ikarudi juu, ikanipiga kwenye ugoko, nikaruka chini nikichechemea. Yeye hakucheka.

"Wewe napigana na yeye," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Yeye hapana taka nguvu. Yeye nataka wewe sikia."

Akanifundisha. Unafungua petroli. Unabonyeza kitufe kidogo cha kabureta mpaka tone la petroli lionekane. Unarudisha nyuma mkono wa moto, ule unaoiambia plagi iwake mapema au ichelewe. Unavuta kishikio cha kushoto kinachotoa pumzi ya injini, halafu unaishusha kiki polepole kwa mguu, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, mpaka uhisi pistoni imevuka kilele. Hapo ndipo unaachilia kishikio na kuangusha uzito wako wote. Mara ya kwanza ilikohoa ikanyamaza. Mara ya pili ikashika. Ilinguruma taratibu, du, du, du, kama mtu anayetwanga mahindi kwenye kinu bila haraka yoyote, na mbao za karakana zikatetemeka pamoja nayo. Nilikuwa na mke na kazi ya serikali, lakini siku hiyo nilihisi nimepewa kitu cha tatu.

Nyinyi mnaosoma haya mnaijua Kawangware ya nyumba zilizobanana, maduka, vibanda na watu wengi kama siafu. Mimi nilipopangiwa kazi huko ilikuwa mashamba. Kulikuwa na majani ya nepia marefu kuliko mtu, migomba, viazi, na kila boma lina ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Kazi yetu ilikwenda kwa njia. Kila mhimilishaji alikuwa na barabara yake, na kando ya barabara hiyo palijengwa vizimba vya mbao vya kumbana ng'ombe asirushe mateke, ambavyo sote tuliviita krashi. Mwenye ng'ombe aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, alimleta krashi, akangoja. Mimi nikifika nilifanya kazi yangu, nikaandika, nikaendelea. Joto la ng'ombe halikai. Likikupita leo asubuhi, kesho limekwisha, na mwenyewe atasubiri majuma matatu mengine huku akilisha mnyama asiye na ndama wala maziwa.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kukutana, na watu walikuwa shambani, wengi hawana saa. Walichokuwa nacho ni mlio wa pikipiki yangu. Siku zile barabara ile ilipitisha magari machache sana, na injini ile ilisikika nikiwa bado mteremko wa Riruta. Mama aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo, akasikiliza, akaangusha jembe, akaenda kufungua ng'ombe. Mimi nikifika, na yeye anafika. Sikuwahi kupiga honi kwenye njia ile.

Mbegu za madume tulizibeba kwanza katika chupa za chai zenye barafu, baadaye ndipo ikaja mitungi ya baridi kali inayotoa moshi mweupe ukiifungua. Mtungi ulifungwa kwenye keria nyuma yangu. Pikipiki ilinitetemesha mpaka meno, lakini Fundi Mkuu alikuwa ametengeneza keria yenye springi ili mtungi usitetemeke. Nilimwambia mara moja kwamba amewajali madume kuliko mimi. Akasema madume hawawezi kujishika.

Jioni nilirudi nayo Gatwekera, Kibera, tulikopanga chumba cha udongo. Vichochoro vya pale havikuwa vya pikipiki. Niliizima kwenye barabara ya juu, nikaisukuma taratibu kati ya kuta, nikiomba radhi kwa kila mtu aliyekaa mlangoni, nikaiingiza ndani. Ililala kati ya kitanda na jiko. Ilidondosha oili kila alfajiri, na Achieng aliitegea sufuria iliyotoboka. Alikuwa akiwaambia jirani zake kwamba ameolewa akiwa mke wa pili, na mwenzake hajui hata kuosha vyombo. Hata hivyo, aliutambua mlio wake. Aliniambia kwamba ikipanda kilima alijua siku yangu ilikwendaje, kwa sababu nikiwa na hasira nilichelewa kubadilisha gia.

Katika wote wa njia yangu, ninayetaka mumjue ni Mama Karanja. Alikuwa mjane, Mkikuyu wa pale pale, mwenye shamba lake, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kidogo. Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, wa madoa, na alimtunza kuliko watu wanavyotunza nyumba. Mimi alinijua kwamba natoka upande wa ziwa, na mimi nilijua kwamba yeye hapendi maneno mengi. Aliniita Daktari, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari.

Kuna mwaka siasa zilichafuka kati ya watu wa kwetu, wa ziwani, na Wakikuyu wa pale. Sitaki kuyafufua, waliokuwapo wanakumbuka. Nitasema tu kwamba watu waliokuwa wakisalimiana waliacha, na kule Gatwekera tulirudi nyumbani mapema na kuongea kwa sauti ya chini. Afisa Mifugo alikuwa tayari amerudi kwao. Aliyekuwa akinisimamia ni Msimamizi wa Njia, Mkikuyu wa Kiambu, mtu wa haki, akaniita ofisini akaniambia nikitaka nikae siku chache bila kutoka, hataandika kitu. Nilifikiria ng'ombe walio kwenye joto. Nilifikiria pia kwamba nikikaa leo, kesho nitashindwa kurudi kabisa. Nikaiwasha pikipiki, nikaenda.

Kabla ya kona ya krashi ya pili, vijana wanne walisimama katikati ya barabara. Si watu niliowajua. Vijana hawakuwa na habari na ng'ombe. Mmoja akashika usukani, mwingine akanyoosha mkono akazima injini. Waliniuliza jina. Nikalitaja, na jina langu, Owino, halina pa kujificha. Waliniuliza ninafanya nini kwao. Nikawaambia. Mmoja aliupiga mtungi wangu kwa rungu, si kwa nguvu, kama anayebisha hodi, akauliza ndani mna nini.

Ndipo nikamwona Mama Karanja. Alitokea kwenye nepia akimvuta ng'ombe wake kwa kamba, mbio mbio, kanga imemteremka begani. Hakuwatazama wale vijana. Alipita katikati yao na ng'ombe, nao ikabidi wapishe, maana ng'ombe hajui siasa.

"Daktari," akasema, "ng'ombe yangu inakungoja na wewe umesimama hapa kupiga hadithi na watoto?"

Halafu akawageukia, akasema nao kwa Kikuyu maneno machache. Sikuyaelewa yote. Nilisikia akitaja majina ya mama zao. Yule wa usukani akaachia mkono. Nikaisukuma pikipiki nyuma yake mpaka krashi. Tulimwingiza ng'ombe, tukaweka mti nyuma yake. Nikavaa glavu, nikampima. Nikampima tena.

"Mama," nikamwambia, "huyu hana joto."

"Najua," akajibu.

Baadaye nilimuuliza alijuaje niko matatani. Akasema alikuwa akiokota kuni, akaisikia pikipiki ikija, kisha ikanyamaza mahali ambapo haijawahi kunyamaza. Ni hivyo tu. Hatukulizungumza tena. Ng'ombe yule alipopata joto kwelikweli, nilimchagulia mbegu ya dume bora niliyokuwa nayo, na alizaa mtamba mwenye madoa kama yeye.

Miaka ikasonga, nikahamishiwa Limuru. Kule ni baridi, ukungu unakaa barabarani mpaka saa za chai ya asubuhi, na mkubwa wangu, Afisa wa Tarafa, alikuwa mtu wa kupenda mikutano. Pikipiki haikuja nami. Ilikuwa mali ya njia, si yangu. Nilipewa gari la kushirikiana na wengine. Nilifanya kazi yangu vizuri na sikumbuki karibu chochote cha miaka ile.

Niliporudishwa Kawangware nilikuta mambo mawili yamebadilika. Nepia ilikuwa imepungua na nyumba za mabati zimeanza kuota kwenye mashamba, safu kwa safu, vyumba vya kupangisha. La pili, karakanani zilisimama pikipiki mpya za Kijapani, nyekundu, zinang'aa. Fundi Mkuu alikuwa mzee sasa. Alinipa funguo, akanionyesha kitufe.

"Bonyeza," akasema, akaenda zake.

Nikabonyeza. Ikawaka hapo hapo. Sitawadanganya, nilifurahi. Ilikuwa nyepesi, breki zake zinashika, ina indiketa na vioo pande zote mbili, haikunywa petroli ovyo. Mgongo wangu ulipumzika. Nilipoifikisha Gatwekera, Achieng aliizunguka, akatazama chini yake, akaona hakuna tone, akaitupa ile sufuria siku hiyo hiyo. Alisema huyu mke mwenza ana adabu.

Lakini kwenye njia nilianza kufika krashi na kukuta hamna mtu. Nilingoja kidogo, nikaandika hakuna ng'ombe, nikaondoka. Wiki moja niliwahudumia wachache mno. Siku moja nilikuwa nimeshaingiza gia nikasikia mtu ananiita nyuma. Ni Mama Karanja, amezeeka kidogo, anahema, kamba mkononi, ng'ombe nyuma yake.

"Siku hizi unakuja kama mwizi," akaniambia.

Nilijaribu honi, lakini matatu na malori yalikuwa yameanza kupita pale, na honi zao zilikuwa nyingi. Hakuna aliyeacha jembe kwa ajili ya honi. Nikaenda kwa Msimamizi wa Njia, yule yule wa haki, nikamwomba nirudishiwe ya zamani.

"Owino," akasema, "serikali imekupa pikipiki inayowaka kwa kidole, wewe unaomba ya kupigwa teke?"

Akanieleza, na alikuwa na sababu. Spea zake haziagizwi tena. Nyaya, gasketi, hata tairi za saizi ile zimekuwa shida. Na isitoshe, akasema, imekwisha kupigwa mnada nilipokuwa Limuru. Nani aliinunua, hakumbuki. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikashindwa kula. Achieng hakunicheka. Alinipa chai, akakaa karibu nami.

Baada ya miezi kadhaa Msimamizi aliniita tena, na safari hii uso wake ulikuwa mgumu. Wakulima wamelalamika. Wanasema wanasikia pikipiki yangu inakuja, wanafungua ng'ombe, wanakaa krashi mpaka jua linawachoma, nami sifiki. Waliapa kwamba mlio wanaujua. Alinitaka nieleze ninapita wapi badala ya njia yangu, na akaniambia wazi kwamba lalamiko lingine litafika kwa Afisa Mifugo, na Afisa Mifugo mpya si mtu wa kusamehe. Pikipiki yangu haikuwa na mlio wa kumfanya hata kuku ageuke.

Siku iliyofuata nilitoka mapema kuliko kawaida. Nilikuwa nimepita Riruta, nakaribia mtaa wa Satellite, nikausikia mlio. Du, du, du. Nilizima yangu nikasimama katikati ya barabara. Kuna mtu anaendesha pikipiki yangu, nikawaza, na anaiendesha vibaya, maana haibadilishi gia, iko pale pale. Nikaiacha nyekundu kando ya duka, nikafuata mlio kwa miguu, kupitia kichochoro, mpaka uani kwa mtu mmoja mwenye duka la chakula cha mifugo aliyeitwa Njoroge.

Haikuwa pikipiki tena. Magurudumu hayapo, tangi halipo, usukani haupo. Injini peke yake ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya magogo mawili mazito, mbele yake feni ya mabati ya kuipepea isichemke, na cheni ikaenda kuzungusha gurudumu kubwa la mashine ya kukatia majani. Njoroge alisukuma nepia kwa mkono mmoja, majani yakatoka upande wa pili yamekatika vipande vidogo. Silensa ilikuwa ile ile, na kidonda chake ambacho Fundi Mkuu alikichomelea tangu zamani. Niliweka kiganja juu ya gogo. Nililia kidogo, na Njoroge, mtu mstaarabu, akaendelea kukata majani kama hajaona.

Nilimweleza yote. Alisikitika; hakujua kwamba kila akiikata nepia anawatoa watu mashambani. Alikuwa tayari kuitilia silensa nyingine ili inyamaze. Nikamkatalia. Nikamuuliza yeye anakata majani saa ngapi. Akasema saa yoyote, asubuhi, mchana, apendavyo. Basi nikamwomba akate nikiwa njiani, si wakati mwingine. Alifikiri, akauliza atajuaje kwamba nimefika. Nikamwambia nitapita dukani kwake kwanza. Akacheka, akakubali.

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote iliyobaki. Nilipita kwa Njoroge na ile nyekundu, nikamwinulia mkono. Yeye akaenda uani, akapiga kiki, na injini ikaanza kutwanga. Nilipokuwa nashuka kuelekea Kawangware niliwaona watu wakitoka kwenye mashamba yaliyobaki, ng'ombe nyuma yao. Msimamizi wa Njia alisikia habari hizo, akaja mwenyewe kuona. Alisimama uani kwa Njoroge, mikono nyuma, akaitazama injini mpaka ikazimwa. Malalamiko hayakutajwa tena, wala katika ripoti yake hakuandika lolote kuhusu mashine ya majani.

Lakini hakuna injini inayoweza kuita ng'ombe wasiokuwapo. Chumba cha kupangisha hakiugui, hakitaki nepia, hakipitwi na joto. Shamba baada ya shamba liligeuka mabati, na siwalaumu. Watu wengi walikuja mjini kutafuta kazi na walihitaji pa kulala, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Krashi ya kwanza ikaondolewa, ya tatu ikaondolewa, njia yangu ikafupishwa mpaka ikabaki kipande. Nilipofika umri wa kustaafu, ofisi haikuniwekea mrithi.

Siku hizi nikikaa kwenye steji ya bodaboda, vijana huniambia niaje mzee, wananipisha kwenye benchi. Wameniuliza mara nyingi zipi ni bora, za zamani au hizi zao. Nawajibu kweli. Hizi ni bora. Zinawaka asubuhi ya baridi, hazivunji mgongo, mtu anaweza kulisha familia nazo bila kuwa fundi. Ile yangu ilikuwa nzito, ilivuja, na ulikuwa huwezi kuipanda ukiwa na mawazo mengine kichwani, maana ilikutaka wote. Kila siku ilinibidi niisikilize kwanza kabla haijakubali kwenda, na kwa kuwa niliizoea hivyo, nikajikuta nawasikiliza na watu. Vijana wanaitikia kwa heshima. Mmoja huinama kuangalia simu. Nami nanyamaza, maana kinachonikosesha usingizi si chuma, ni siku yangu ya mwisho kwenye njia, na hiyo ni ngumu kuisimulia stejini.

Siku hiyo nilipita kwa Njoroge kama kawaida. Alikuwa na nepia kidogo tu, ya kununua mbali, lakini alipiga kiki. Nikateremka na barabara, injini ikitwanga nyuma yangu. Hakuna aliyetoka. Watoto walicheza kando ya mabati, nguo zimeanikwa, redio zinasema. Nikafika krashi ya pili, ile pekee iliyobaki, mbao zake nusu zimeshang'olewa kwa kuni. Mama Karanja alikuwa amesimama pale, amejifunga shuka, mikono mitupu.

Nikazima pikipiki, nikamwamkia, nikamuuliza ng'ombe yuko wapi.

"Nimeuza juzi," akasema. "Karanja anajenga."

Nilitazama nyuma yake. Pale boma lilipokuwa palikuwa na mawe ya msingi na lundo la mchanga. Nikamuuliza, sasa, mama, umekuja kungoja nini huku juani?

Akainamisha kichwa kidogo upande wa Satellite, ambako Njoroge alikuwa bado anakata.

"Nimesikia," akasema, "nikatoka."

Nikashuka, nikaenda kusimama karibu naye, tukaegemea ule mti wa krashi uliobaki, mpaka majani ya Njoroge yakaisha.